Korosho tano na gitaa kavu: namna ya kujifunza wimbo mmoja mpaka mwisho

Kila mwaka malipo ya korosho yakishaingia, simu yangu huanza kuita. Kijana kapanda basi kwenda Dar, au kamuagiza mtu, na karudi Mtwara na gitaa mgongoni. Wiki ya kwanza ni ya picha. Wiki ya pili maswali yanaanza, na ni yaleyale ya mwaka jana: "Kaka, nianze na wimbo gani?" "Vidole vinauma, ni kawaida?" "Mwanzo naupiga safi kabisa, ila nikifika katikati nakwama, nifanyeje?" Nimeyajibu kibarazani kwangu Shangani, nimeyajibu ndani ya bajaji, kuna siku nimeyajibu msibani. Sasa nayaandika mara moja. Ukiniuliza tena nitakutumia hii.

Swali la tatu ndilo kubwa, na nalijua kwa aibu yangu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na wimbo mmoja tu. Kila jioni nauanza mwanzo, nikikosea narudi mwanzo. Miezi minane. Nikaombwa kupiga kwenye shughuli ya ndugu, Mikindani. Nikaanza vizuri, watu wakanyamaza, mpaka watoto wakakaa chini. Nilipofika nusu, vidole vikasahau. Nikarudi mwanzo, vikasahau palepale. Naanza mara ya tatu, shangazi yangu akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "Mwanangu, huo wimbo hauna mlango wa kutokea?"

Alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua. Ule mwanzo nilikuwa nimeurudia mara zisizohesabika, mwisho nilikuwa nimeufikia mara chache sana, na katikati, pale nilipokuwa nakosea kila siku, nilikuwa nimejifunza kukosea. Vidole havijui lipi sahihi na lipi kosa. Vinashika unachovirudishia, basi. Mwongozo wote unaofuata umesimama hapo.

Vitu vya kuwa navyo

Gitaa kavu la nyuzi sita, yaani lile lisilotumia umeme. Kwanza jua ni la aina gani. Lenye nyuzi za nailoni ni laini kwa vidole na shingo yake ni pana. Lenye nyuzi za chuma lina sauti kali na linauma zaidi wiki za mwanzo. Yote mawili yanafaa. Ila la nailoni usilifunge nyuzi za chuma, hata kama fundi amekuambia hakuna shida. Chuma kinavuta kwa nguvu zaidi, na daraja, yaani kile kibao cha tumboni nyuzi zinapofungiwa, litang'oka. Kama gitaa lako ni la chuma na unaanza, ukinunua nyuzi omba zile nyembamba, zinazoanzia namba 10 au 11 za unene.

(Kuna wanaoniuliza kama ule ubao mweusi wa shingoni ni mpingo. Mpingo wa misitu ya Kilwa na Liwale kweli unakwenda nje kutengenezwa klarineti, na wapo mafundi wa gitaa wanaoutumia. La kwako, kwa bei uliyonunua, ni mti mwingine uliopakwa rangi. Utalia tu.)

Simu yenye programu ya kutyuni, yaani kuweka kila uzi kwenye sauti yake. Zipo za bure. Pakua na metronomu hapohapo, kile kigonga mapigo cha kushikia kasi, nayo ipo ya bure. Simu ikiisha chaji na umeme umekatika, saa ya ukutani inayogonga inatosha: inagonga mara 60 kwa dakika, na hiyo ndiyo kasi tutakayoanzia.

Kiti kisicho na mikono. Kitanda hakifai, utajikunja kama kamba mpaka mgongo ulalamike.

Daftari na penseli. Kitambaa kikavu cha pamba. Vikombe viwili.

Na korosho tano zenye maganda. Nasisitiza zenye maganda, kwa sababu zilizobanguliwa utazila kabla ya hatua ya tatu. Kazi yake utaiona.

Kabla ya hatua ya kwanza

Uzi mnene ndio wa 6, uko juu, upande wa uso wako. Mwembamba ndio wa 1, uko chini, upande wa goti. Tyuni kutoka mnene kwenda mwembamba: E, A, D, G, B, E. Kama programu inakuonyesha namba, uzi wa 6 ni karibu 82, wa 5 ni 110, wa 1 ni karibu 330. Angalia hizo namba, usiangalie herufi peke yake. Kuna mtu aliona E kwenye kioo, akaendelea kukaza uzi wa 1 akitafuta E ya juu zaidi, ukamchapa shavuni.

Kila mara fikia sauti ukiwa unakaza. Ukipitiliza, legeza mpaka chini yake kidogo halafu panda tena. Uzi uliofikiwa kwa kulegeza hushuka katikati ya wimbo.

Mkono wa kulia: gumba linashika nyuzi za 6, 5 na 4. Kidole cha shahada ni cha uzi wa 3, cha kati ni cha uzi wa 2, cha pete ni cha uzi wa 1. Cha mwisho kinapumzika. Kwenye karatasi za mazoezi utakuta herufi p, i, m, a. Ni vidole hivyohivyo kwa mpangilio huo, zimetoka kwenye majina ya Kihispania.

Mkono wa kushoto: kata kucha. Fupi kabisa. Feti ni zile nafasi kati ya vyuma vinavyokatiza shingo, na zinahesabiwa kuanzia kichwani mwa gitaa. Bana uzi karibu na chuma cha feti, nyuma yake kidogo tu, si juu ya chuma na si katikati ya nafasi.

Karatasi yenye mistari sita na namba juu yake inaitwa tabu, na jina lisikutishe. Mstari mmoja ni uzi mmoja, namba ni feti ya kubana, sifuri ni uzi wazi. Ila angalia: mstari wa juu kwenye karatasi ni uzi wa 1, ule mwembamba. Ni kinyume na unavyoliona gitaa ukilipakata. Nusu ya wanaoniambia "hii tabu ni ya uongo" wameisoma chini juu.

Wimbo wa mfano

Ili tuzungumze kitu kimoja, chukua huu mzunguko. Si wimbo wa mtu, ni zoezi langu la kufundishia. Una vyumba vinane. Wanakwaya wanaosoma noti huviita vipimo; mimi tangu maneno ya shangazi naviita vyumba.

Am, C, G, Em, Am, C, E, Am. Kila jina hapo ni kodi, yaani sauti kadhaa zinazokwenda pamoja, na kila chumba kina kodi moja.

Kila chumba unadonoa mara sita: gumba, shahada, kati, pete, kati, shahada. Kwa Am na C gumba linaanzia uzi wa 5. Kwa G, Em na E linaanzia uzi wa 6. Vilivyobaki ni nyuzi 3, 2, 1, 2, 3 kila wakati.

Mkono wa kushoto:

- Am: shahada uzi wa 2 feti ya 1, kati uzi wa 4 feti ya 2, pete uzi wa 3 feti ya 2.
- C: shahada uzi wa 2 feti ya 1, kati uzi wa 4 feti ya 2, pete uzi wa 5 feti ya 3.
- G: shahada uzi wa 5 feti ya 2, kati uzi wa 6 feti ya 3, pete uzi wa 1 feti ya 3.
- Em: shahada uzi wa 5 feti ya 2, kati uzi wa 4 feti ya 2.
- E: shahada uzi wa 3 feti ya 1, kati uzi wa 5 feti ya 2, pete uzi wa 4 feti ya 2.

Ukishaumudu huu, hatua hizihizi zinafaa kwa wimbo wowote utakaoleta.

Hatua

1. Usikilize mpaka uweze kuuimba. Kabla ya kugusa gitaa, wimbo uwe mdomoni. Kama huwezi kuuguna ukiwa unaosha vyombo, vidole havitakuwa na pa kwenda. Kwa nyimbo za video, punguza kasi ya video mpaka nusu. Kitufe hicho kipo. Na ipakue usiku bando likiwa rahisi, maana utairudia sana. Chagua wimbo mfupi, usiozidi ukurasa, usio na kodi ya kulaza kidole kwenye nyuzi zote. Kodi ya F ni ya namna hiyo, inaweza kusubiri. Watu wengi wameacha gitaa kwa sababu ya F, na hakuna aliyewalazimisha kuanza nayo.

2. Gawa vyumba kwa penseli. Weka mstari baada ya kila vyumba viwili, halafu vipe vipande herufi. Kwa mfano wetu: A ni Am na C, B ni G na Em, C ni Am na C tena (hiyo C ya kipande usiichanganye na ya kodi), D ni E na Am. Kipande kisizidi sekunde kumi na tano hivi ukikipiga polepole. Kikizidi, kikate.

3. Piga mkono wa kulia peke yake. Kushoto hakuna kubana kitu, nyuzi zote wazi. Piga mpangilio wote wa vyumba vinane ukiangalia gumba tu: 5, 5, 6, 6, 5, 5, 6, 5. Utasikia sauti isiyo na maana, vumilia. Fanya hivyo siku mbili. Mkono wa kulia unatakiwa ufike mahali ufanye kazi huku unaongea na mtu, na hilo ndilo jaribio langu: nakuuliza umekula nini mchana, ukinijibu bila vidole kusimama, umepita.

Wapo wanaouliza kama lazima vidole vinne. Si lazima. Mwenda Jean-Bosco wa Katanga, ambaye gitaa lake kavu lilisikika sana Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1950, alitumia gumba na shahada tu. Lakini chagua njia moja ukae nayo. Ukibadilisha kidole kila siku kwa uzi uleule, kila siku unaanza upya.

4. Fanya mazoezi ya milango, siyo ya vyumba. Mtu akikwama, mara nyingi hakwami ndani ya kodi, anakwama akitoka moja kwenda nyingine. Kwa hiyo toa milango yote uiandike. Wimbo wetu una sita: Am kwenda C, C kwenda G, G kwenda Em, Em kwenda Am, C kwenda E, E kwenda Am.

Sasa itazame mmoja mmoja uone kidole gani kinahama na kipi kinabaki. Am kwenda C: pete peke yake ndiyo inayohama, shahada na kati havibanduki. Wanaoinua vyote vitatu wanajitafutia kazi. G kwenda Em: shahada inabaki, kati inashuka kutoka uzi wa 6 kwenda wa 4. Em kwenda Am: kati inabaki. E kwenda Am: umbo ni lilelile, vidole vyote vitatu vinasogea uzi mmoja upande wa goti.

Imebaki miwili, na mbaya ni C kwenda G, kwa sababu vyote vitatu vinahama, kila kimoja upande wake. Nina mwanafunzi mmoja, dereva wa bodaboda, tulikaa kwenye mlango huo karibu jioni nzima. Kila akitoka C pete inaruka kwanza, inaning'inia hewani juu ya uzi wa 1 ikisubiri wenzake, na gumba limeshafika uzi wa 6 halijakuta mtu. Nikamwambia angalia mkono wa kulia unahitaji nini kwanza. Wa kwanza kudonolewa ni uzi wa 6, na huo unabanwa na kidole cha kati. Uzi wa 1 wa pete utadonolewa mara ya nne, una muda mrefu. Basi kati iende kwanza, shahada ifuate, pete imalizie. Akajaribu polepole, kati kwanza, ikaingia. Akacheka peke yake. Akarudi barabarani kufanya kazi, lakini kesho yake aliniambia vidole vilikuwa vinafanya ule mlango kwenye usukani.

Kanuni ni hiyohiyo kwa C kwenda E: gumba linadonoa uzi wa 6 ulio wazi, cha kwanza kuhitajika ni shahada kwenye uzi wa 3, kwa hiyo shahada itangulie.

Na ukiwa mjanja umeshagundua kwamba kwenye Em nyuzi zote unazodonoa ziko wazi. Hata usipobana kitu, sauti ni ileile. Hicho ni chumba cha kupumzika. Tumia nafasi hiyo kuandaa Am.

5. Piga kipande pamoja na noti ya kwanza ya kipande kinachofuata. Ukipiga A, usiishie mwisho wa C. Vuka, udonoe noti ya kwanza ya G, ndiyo usimame. Usipofanya hivi utakuwa na vipande vinne vizuri vyenye mashimo matatu kati yake, na utakuja kuniambia "nikiviunganisha vinaharibika".

6. Sasa korosho. Weka korosho tano kwenye kikombe cha kushoto. Piga kipande mara moja, polepole. Kikiwa sawa, hamisha korosho moja kwenda kulia. Tena sawa, nyingine. Ukikosea, zote zinarudi kushoto, hata kama ulikuwa umefika ya nne. Kipande kimepita siku hiyo korosho zote tano zikiwa kulia, mfululizo.

Kosa ni nini? Uzi usiolia, uzi unaokwaruza, noti ya pembeni, na kusita. Kusita watu huwa wanajisamehe. Noti zote zimetoka sahihi lakini kabla ya G kulikuwa na pumzi moja ya kutafuta kidole: hilo ni kosa, rudisha korosho.

Ukishindwa kuivuka ya tatu mara tatu, usikaze meno. Punguza kasi, au kata kipande kiwe nusu, au rudi kwenye mlango wenyewe peke yake. Korosho zinakuambia kitu, zisikilize.

Onyo: usihesabu mara ulizopiga, hesabu mara ulizopatia mfululizo. Mtu ananiambia "jana nimerudia mara hamsini". Hamsini zenye makosa arobaini ni mazoezi ya makosa.

7. Anza na kipande cha mwisho. D kwanza. Kikipita, C halafu unaunganisha na D. Kisha B, kisha A. Kwa njia hii kila ukipiga, unaelekea sehemu unayoijua zaidi. Ningelijua hili kabla ya Mikindani, shangazi asingepata la kusema. Mwanzoni inasikika ajabu, kama kusoma barua kuanzia salamu za mwisho, lakini baada ya siku nne utauona wimbo wote bila kuwa na sehemu ya giza.

8. Kasi ije mwisho, na ije kidogokidogo. Anza na 60 kwa dakika, kila mlio mmoja wa metronomu mdonoo mmoja. Vyumba vinane vyenye midonoo sita ni midonoo 48, kwa hiyo wimbo mzima unachukua sekunde 48. Ni polepole mpaka inaudhi. Sawa. Korosho tano zikipita kwa 60, nenda 66. Kisha 72. Ukianguka kwenye 78, rudi 72, lala nayo, jaribu kesho. Usiruke kutoka 60 kwenda 100 kwa sababu jirani amekuja kusikiliza. Kasi uliyoikopa kwa ajili ya jirani utailipa wiki nzima.

9. Dakika thelathini, siku sita. Saa tatu za Jumapili hazifikii nusu saa ya kila siku, kwa sababu usingizi nao unafanya kazi: kitu kilichokataa jioni mara nyingi kinakubali asubuhi bila wewe kuelewa kwa nini. Mimi hukaa baada ya swala ya magharibi. Mpangilio wangu:

- Dakika 5, kutyuni na mkono wa kulia peke yake.
- Dakika 10, kipande kipya, na korosho.
- Dakika 10, kipande cha jana na cha juzi. Hiki ndicho watu wanaruka, na ndicho kinachofanya kisisahaulike.
- Dakika 5, piga unachotaka. Hapa kosea upendavyo, ni zako.

Wiki ya kwanza maliza hatua ya 3 na ya 4. Ya pili ni ya vipande. Ya tatu ni kuunganisha na kasi. Anayeanza kabisa akichukua wiki tano hajachelewa. Kila siku andika mstari mmoja daftarini: kipande gani, kasi gani, mlango gani umekataa. Kesho unaanza na mlango uliokataa jana, kabla hujachoka.

10. Jirekodi, halafu tafuta mtu mmoja. Simu iweke mbali kidogo, urekodi wimbo mzima mara moja bila kurudia, hata ukikosea. Sikiliza ukiwa hujashika gitaa. Utasikia mambo usiyoyasikia ukiwa unapiga, hasa kukimbia kwenye vyumba rahisi na kuvuta kwenye vigumu. Kisha mpigie mtu mmoja, mama, mjomba, fundi cherehani wa jirani. Mikono itatetemeka. Ukikosea mbele yake usirudi mwanzo. Ruka uingie kipande kinachofuata; ndiyo sababu tulivipa herufi.

Matatizo ninayoletewa

*Vidole vinauma.* Ndiyo, vya kushoto, kwenye ncha, wiki mbili tatu za kwanza. Ngozi itakuwa ngumu. Piga mara nyingi kwa muda mfupi kuliko mara moja kwa muda mrefu, na usiloweke mikono kabla ya kupiga. Kama umetoka kufua au kuvua samaki, subiri ngozi ikauke. Lakini maumivu ya kiganja, kifundo au kiwiko si kawaida. Hayo ni ya kusimama. Mara nyingi unabana shingo kwa gumba kama unakamua chungwa.

*Uzi unakwaruza.* Kwanza sogeza kidole karibu na chuma cha feti. Kama bado, bana zaidi kidogo. Kama unakwaruza hata ukiwa wazi, si kosa lako, shingo au daraja lina tatizo, mpelekee fundi.

*Uzi haulii, unasema "dum".* Kidole cha jirani kimeulalia. Simamisha kidole kwenye ncha yake, kiungo cha mwisho kikunjwe.

*Vidole vyangu vinene.* Naambiwa sana hili na wavuvi. Nimewaona watu wenye vidole kama muhogo wanapiga vizuri. Gitaa la nailoni lenye shingo pana litakusaidia, basi.

*Nyuzi zinashika kutu.* Hii ni Mtwara, upepo wa bahari una chumvi, na jasho letu halikopeshi. Kila ukimaliza, pangusa kila uzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini yake. Funika gitaa kwenye mfuko wake, tumbukizia vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Uzi ukishakuwa na vidoadoa vya kahawia ubadilishe, hautatyunika sawasawa tena. Na usiache gitaa chini ya bati lisilo na dari wala kwenye gari juani. La kwangu la kwanza liling'oka daraja Novemba moja, nilikuwa nimeliweka juu ya kabati. Gundi ililainika, nyuzi zikafanya zilizobaki. Nilisikia mlio nikiwa uani nikadhani nazi imeanguka juu ya bati.

*Natumia mkono wa kushoto.* Kama bado hujaanza, jaribu kwanza kawaida kwa wiki mbili. Mikono yote miwili ina kazi ngumu. Ikikataa kabisa, ligeuze gitaa, lakini nyuzi zote lazima zifungwe upya kwa mpangilio wa kinyume, na baadhi ya magitaa yatahitaji fundi arekebishe daraja.

*Nimefika kasi fulani siendi mbele.* Karibu kila mara ni mlango mmoja. Piga kwenye kasi inayokushinda, sikiliza wapi hasa panavunjika, toa mlango huo, rudi nao mpaka 60 kwa siku tatu.

*Nimeacha wiki mbili, nimesahau yote.* Hujasahau yote. Anza na D, kwa 60, na korosho. Siku mbili utakuwa umerudi ulipokuwa.

*Lini nianze wimbo wa pili?* Wa kwanza ukiupiga mara tatu kwa siku tatu tofauti bila kusimama, hata kama bado uko 80. Wa kwanza usiutupe, uuweke kwenye zile dakika tano za mwisho mara mbili kwa wiki. Na ukija kibarazani kuniuliza lolote kati ya haya, njoo na gitaa lililotyuniwa na daftari lako. Korosho ninazo.